Maswali ya stoo: lebo za RFID dukani na ghalani

Wiki hii maswali mengi yamekuja juu ya RFID, zile lebo zenye chipu zinazosomwa kwa mawimbi ya redio. Nimechagua machache yanayobeba ya wengi.

Shikamoo. Nina duka la nguo na viatu hapa Majengo, vipande kama 4,000. Kila mwisho wa mwezi tunafunga Jumapili nzima kuhesabu na bado hesabu inagoma. Msimbopau (barcode) tunao tayari. RFID itaniongezea nini? (Muuza nguo, Dodoma mjini)

Marahaba. Shika shati moja. Msimbopau wake unasema tu "shati la aina hii, saizi hii", na kwa kawaida mashati yote 30 ya aina hiyo yana msimbo uleule. Kuusoma ni lazima utoe shati, utafute lebo, uielekeze kwenye mashine, moja moja. Ukichoka ukapiga shati moja mara mbili, mashine inahesabu mawili. Hapo ndipo hesabu inapoanza kugoma.

Lebo ya RFID ukiiinua kwenye mwanga wa dirisha utaona utepe mwembamba wa metali uliokunjwakunjwa, ndiyo antena, na katikati kinukta kama punje ya mchanga, ndiyo chipu. Betri haina. Kisomaji kinaporusha mawimbi, antena inavuna nguvu kidogo kutoka humohumo, chipu inaamka na kutaja namba yake. Kila shati lina namba yake peke yake, kwa hiyo hata likisomwa mara kumi linahesabiwa moja. Lebo za masafa ya UHF, yaani mawimbi ya redio ya masafa ya juu sana, husomwa kutoka mita kadhaa, nyingi kwa mpigo, kupitia kitambaa na katoni. Unapita kati ya rafu na kisomaji mkononi kama mtu anayepuliza dawa shambani.

Kwa nguo na viatu nasema bila kusita kwamba inalipa. Kampuni kubwa za maduka kama Decathlon ya vifaa vya michezo na Zara ya nguo wanaitumia kwa sababu hiyohiyo. Tuseme lebo moja umeipata kwa senti 8 za dola: vipande 4,000 ni dola 320. Kinachouma ni kisomaji, maana vingi vya mkononi vinapita dola 1,000. Pigia hesabu Jumapili zako 12 za mwaka ulizofunga duka, ndipo uamue.

Ukianza, anza na viatu, na lebo ikae kwenye kiatu chenyewe. Maboksi hubadilishana wateja wanapojaribu, halafu unahesabu boksi la 42 lenye kiatu cha 40. Na kabla ya yote safisha majina kwenye kompyuta. Nimeona orodha moja ina "jinzi bluu", "jeans blue" na "suruali ya jinsi", zote ni suruali ileile. Hakuna lebo itakayokutibia hilo.

Naweza kutumia simu yangu badala ya kununua kisomaji? (Majengo pia)

Simu zenye NFC, ule uwezo wa kusoma chipu kwa kuisogeza karibu kabisa, husoma lebo za masafa mengine, 13.56 MHz, tena kwa sentimita chache tu. Za UHF hazisomi. Na usiagize kisomaji kwa kuangalia bei peke yake, maana masafa ya UHF hutofautiana: Ulaya wanatumia 865 hadi 868 MHz, Marekani 902 hadi 928. Waulize TCRA, mamlaka ya mawasiliano, kwanza kama kifaa hicho kinaruhusiwa nchini.

Tunahifadhi madumu ya mafuta ya alizeti kutoka Singida, mvinyo wa hapa na mabati. Tumejaribu lebo za mfano, nusu hazisomeki. Tumeuziwa feki? (Mtunza ghala, Dodoma)

Huenda lebo ni nzima kabisa. Mvinyo sehemu kubwa ni maji, na maji hunywa mawimbi ya UHF. Bati huyarudisha, na lebo ikilazwa juu yake antena inazimika. Walmart, kampuni ya maduka makubwa ya Marekani, walipowataka wasambazaji wao wakubwa 100 waanze kuweka lebo kwenye katoni na paleti kuanzia Januari 2005, vimiminika na chuma vilikuwa miongoni mwa vilivyowasumbua.

Kwa mvinyo, acha chupa, bandika kwenye katoni, upande wa juu ambako shingo za chupa zinaacha nafasi ya hewa. Kwa mabati zipo lebo maalumu zenye kitako kinachoinua antena, ila bei yake iko juu, kwa hiyo weka moja kwa kila bunda. Mafuta hayasumbui kama maji. Kama madumu ni ya plastiki jaribu lebo kwenye mkono wa dumu, juu ya usawa wa mafuta. Kama ni ya bati, unarudi kwenye tatizo la mabati.

Magunia ya mahindi je? (Kibaigwa)

Gunia lililopita sokoni likapakiwa siku hiyohiyo halihitaji chipu. Mizani na daftari vinatosha.

Nataka kuwakamata vijana wangu wa stoo wanaoiba. Nikifunga visomaji mlangoni vitatosha? (Mwenye ghala, Nzuguni)

Ndugu yangu, soma jibu hili hadi mwisho. Kisomaji cha mlangoni huzibwa na mwili wa mtu au karatasi ya foili. Faida yake ni kukuonyesha Jumanne kilichopungua Jumanne, wakati nyayo bado mbichi. Lakini mashine nayo hushuhudia uongo. Katika ghala moja nililofanyia kazi, mfumo ulisema katoni sita zimetoka usiku, na zamu ilikuwa ya kijana mmoja. Barua ya kumsimamisha ilikuwa imeshachapwa. Nilikwenda mlangoni nikazikuta katoni zote sita kwenye rafu iliyokuwa hatua mbili kutoka antena. Foklifti ilipopita na mzigo mwingine, mawimbi yaligonga chuma chake yakafika kwenye rafu, na mfumo ukaandika "zimetoka".

Tulipunguza nguvu ya antena, tukasogeza rafu. Kijana yule alibaki kazini, ila kwa wiki nzima hakula nasi chakula cha mchana, na sikumlaumu. Kwa hiyo kila mfumo unaposema mali imetoka, mtu aende kwenye rafu kwa miguu yake kabla jina la mtu halijatajwa.

Hereni za kielektroniki za ng'ombe ni kitu hichohicho? Zitanionyesha ng'ombe aliyepotea? (Mfugaji, Chamwino)

Ni ukoo mmoja, mzee wangu, ila hereni zenye chipu kwa kawaida hutumia masafa ya chini, 134.2 kHz. Ng'ombe mwenyewe sehemu kubwa ni maji, na masafa hayo hayazuiwi na maji kama yale ya UHF niliyomweleza mwenye mvinyo. Gharama yake ni umbali: kisomaji kinapaswa kusogezwa karibu na sikio. Aliyepotelea porini haitamwonyesha. Akifika mnadani au kwenye josho lenye kisomaji, namba yake itasomwa, na hapo utapata pa kuanzia. Andika namba ya kila hereni kwenye daftari pamoja na rangi, pembe na chapa ya mnyama, kwa sababu hereni hunasa kwenye miiba ikanyofoka.