Kibao cha namba kwenye pikipiki na tela Uingereza

Ndugu, umeuliza kama pikipiki yako, iliyosajiliwa hapa Uingereza mwaka 2010, inapaswa kufungwa kibao cha namba mbele, na kama tela dogo la gari lako linahitaji namba yake lenyewe.

Pikipiki iliyosajiliwa tangu tarehe 1 Septemba 2001 hufungwa kibao kimoja tu, nyuma, chenye herufi nyeusi kwenye mandhari ya njano inayoakisi mwanga. Maandishi yapangwe katika mistari miwili, na kila herufi iwe na urefu wa milimita 64. Nakusihi usinunue vile vibao vidogo vya urembo, kwani faini yake inaweza kufikia pauni 1,000.

Kuhusu tela, sisi tuliotoka Kenya, ambako tela husajiliwa kwa namba yake inayoanza na Z, huchanganyikiwa kwa urahisi. Hapa tela dogo hubeba namba ya gari linalolivuta, kwa hiyo ukiazima gari la rafiki yako ni lazima ubadilishe kibao, nacho kiangazwe kwa taa usiku. Ukivuta matela mawili kwa pamoja, kibao hufungwa kwenye lile la mwisho.