Kabla hujauza mikarafuu kwa ajili ya sindano ya seli shina

Tangu jamaa zangu wa Wete, Pemba, wajue kwamba kazi yangu ni kuchunguza seli shina za ubongo, yaani seli changa zinazogawanyika na kuzaa seli nyingine za ubongo, simu haitulii. Anayepiga huwa na mgonjwa: baba aliyepata kiharusi, mtoto asiyeweza kutembea. Ameona tangazo la sindano ya seli shina huko ng'ambo, na ukoo umeshakubaliana kuuza shamba la mikarafuu. "Mwanangu, wewe ndiye unayezijua. Twende?"

Msiuze kwanza.

Maabara naziona seli hizi zikielea kwenye kisahani, zimejikusanya vibonge vidogo vya duara. Ukizilisha protini za kuchochea ukuaji, zinagawanyika tu. Ukizinyima, zinajishikiza chini, zinatoa mikia, na nyingine zinakuwa seli za neva. Uvimbe huanza pale seli zinapokataa kuacha kugawanyika. Kwa nzi wa matunda, hawa wanaozonga ndizi mbivu, jeni iitwayo brat ikiharibika, seli binti, zile zinazozaliwa seli shina inapogawanyika, hazikomai. Zinarudi kuwa seli shina na ubongo wa buu unavimba.

Na si nzi peke yao. Mtoto mmoja wa Israeli, mwenye maradhi ya kurithi, alipelekwa Moscow kutiwa seli shina za neva zilizotoka kwa vijusi, mara kadhaa kuanzia 2001. Mwaka 2005 alikutwa na uvimbe kwenye ubongo na kwenye uti wa mgongo. Ule wa mgongoni ulipotolewa na kupimwa, ikaonekana umetokana na seli za watoaji wasiopungua wawili, si seli zake mwenyewe. Ripoti ilichapishwa 2009.

Kwa hiyo uliza: seli ni za nani? Jaribio limesajiliwa wapi? Nani atampima mgonjwa miaka mitano baadaye? Anayekutoza maelfu ya dola kwa tiba ambayo mwenyewe anakiri bado anaijaribu, mimi simwamini. Video za wagonjwa wanaotembea hazinishitui, asiyepona harekodiwi.

Kupandikizwa uboho, ule ute wa ndani ya mifupa, kwa mwenye saratani ya damu ni habari nyingine. Hizo nazo ni seli shina, lakini tiba hiyo imethibitishwa miaka mingi. Daktari wako akikuandikia, nenda.

Kwa maradhi ya ubongo, panda boti kwanza, peleka picha za MRI na hilo tangazo kwa madaktari wa upasuaji wa ubongo pale hospitali ya Mnazi Mmoja, Unguja. Na hao wa ng'ambo waombe wakujibu kwa maandishi, yenye saini na muhuri. Wengi hapo ndipo wanapoacha kupokea simu.