Ziwa Argyle: ukifika ukutani bado hujafika

Mara ya kwanza kwenda Ziwa Argyle, Australia Magharibi, niliondoka Darwin, mji wa kaskazini mwa Australia, mwezi Oktoba nikiwa na mfuko wa maembe, chupa ya asali na imani kwamba vituo vya mafuta havikosekani. Yote matatu yaliniumbua.

Maembe na asali viliishia mpakani. Ukitoka Northern Territory, eneo lenye mji wa Darwin, kuingia jimbo la Australia Magharibi kuna kizuizi cha ukaguzi, na matunda, mboga mbichi na asali havipiti. Kuleni kabla. Mafuta nayo jazeni Timber Creek, kimji kilicho kabla ya mpaka, hata kama tangi liko nusu, maana kutoka hapo hadi Kununurra, mji ulio upande wa pili, ni zaidi ya kilomita 200 za nyika tupu. Mimi nilizima kiyoyozi ili nifike, jasho likinitiririka mpaka usukani ukateleza. Ndiyo maana nasema nendeni kati ya Mei na Agosti. Oktoba ni joto la tanuri, na masika yakishika barabara nyingine hufungwa.

Mpakani rudisha saa nyuma kwa saa moja na nusu. Jua la kule huzama mapema, saa kumi na moja na ushei jioni miezi ya baridi, kwa hiyo saa kumi uwe umeshaegesha. Gizani ng'ombe na kangaruu hulala barabarani kama kwao.

Sasa ziwa lenyewe. Kutoka barabara kuu unakata kushoto, kilomita 35 hivi, unapita mibuyu minene (ndiyo, mibuyu, ndugu wa ile ya kwetu), halafu unaukuta ukuta wa bwawa, maana ziwa hili limetengenezwa na watu. Nilisikitika. Urefu wake ni mita 335 tu, umebana mto Ord katikati ya vilima vyekundu, na maji unayoyaona pale ni kama mkono wa bahari. Wengi hupiga picha wakageuza gari. Msifanye hivyo! Ziwa liko nyuma ya vile vilima, na likijaa lina karibu kilomita za mraba 1,000, sawa na kisiwa cha Pemba. Lipieni boti, hata kama mtabana chakula siku mbili.

Boti ikishatoka kwenye korongo, ukingo wa pili unapotea. Visiwa unavyoviona ni vilele vya vilima vilivyozama ukuta ulipokamilika miaka ya 1970 mwanzoni. Chini yako kuna ardhi ya Wamiriuwung na Wagajerrong, wenyeji wa asili wa huko, pamoja na mahali pao patakatifu. Nyumba ya mawe ya ukoo wa Durack, wafugaji wa kizungu, ilibomolewa ikajengwa upya juu, leo ni makumbusho. Mahali patakatifu hapahamishiki. Nilipoingia makumbusho hayo, hilo halikunitoka kichwani.

Mamba wapo maelfu. Ni wale wa maji yasiyo na chumvi, mdomo mwembamba, chakula chao samaki, na wenyeji huogelea bila wasiwasi. Mimi niliyekulia kando ya Rufiji nilibaki botini nikishika reli. Hata huko sikupona: kuna samaki wadogo wanaotema maji kama bastola ya mtoto ukiwaonyesha mkate, na mmoja alinipata jichoni.

Bebeni kofia yenye kamba ya kufunga kidevuni. Yangu ingali ziwani.