Je, DJ Naye ni Mwanamuziki?

SWALI: Mhariri, salaam. Mwanangu amemaliza kidato cha nne, na tangu hapo amekuwa akipiga muziki katika sherehe za mtaani kwetu. Sasa anaomba tumnunulie mashine ya kuchanganyia nyimbo, akidai kwamba yeye ni mwanamuziki na kwamba hicho ndicho chombo chake cha kazi. Mjomba wake, aliyepiga gitaa la solo katika bendi za dansi hapa mjini, amekataa katakata kuchangia. Anasema mtu anayecheza nyimbo zilizopigwa na wengine anakula jasho la wenzake, na hana haki ya jina hilo. Naomba mtuamulie. Mama, Nyegezi, Mwanza.

JIBU: Mama, kaka yako ana hoja, ila ameivuta mbali kuliko inavyostahili. Ni kweli kwamba wengi wanaojiita maDJ katika kumbi zetu hawafanyi zaidi ya kuchomeka flashi, kubonyeza wimbo, kuusubiri uishe na kubonyeza mwingine, huku wakiwataja wenye sherehe kwenye kipaza sauti. Kazi hiyo ina manufaa yake na wenye harusi huilipia kwa furaha, lakini sioni kwa nini iitwe uanamuziki, kwa kuwa ukimwondoa mtu huyo na kuiacha kompyuta ijichezee yenyewe, kinachosikika ukumbini hakibadiliki. Ninachouliza mimi ni hiki: je, ipo sauti inayosikika usiku ule ambayo isingekuwapo bila mikono yake?

Kwa anayeijua kazi, ipo. Mtazame: hedifoni ameiweka kwenye sikio moja, sikio la pili ameliachia ukumbi. Wimbo unaochezwa una mapigo 100 kwa dakika, na ule anaouandaa una 104. Ataupunguza mwendo huu wa pili kwa karibu asilimia 4, aurudishe hadi pigo lake la kwanza, kisha auachie pale hasa ambapo kipande cha ule wa kwanza kinakamilika, ili ngoma mbili zilie kama moja. Akichelewa kidogo tu, miguu ya wachezaji itamwambia. Tena kuna suala la ufunguo wa wimbo, yaani ile sauti ya msingi ambayo wimbo umejengwa juu yake, ambalo mpiga solo angelielewa mara moja: santuri ikiongezwa mwendo kwa asilimia 6 hivi, sauti zake zote hupanda kwa nusu toni, yaani hatua moja ndogo kwenye kinanda, na nyimbo mbili zilizokuwa zikipatana huanza kugombana. Kompyuta za leo huweza kubadili mwendo bila kuigusa sauti, lakini kujua wimbo upi ukae juu ya upi, na kwa muda gani, bado kunahitaji sikio lililofundishwa.

Historia nayo haimpi kaka yako nguvu. Mwezi Agosti 1973, katika eneo la Bronx jijini New York, kijana mzaliwa wa Jamaika aliyejulikana kama Kool Herc alipiga muziki katika sherehe iliyoandaliwa na dada yake. Ni yeye aliyekuza mtindo wa kutumia santuri mbili za wimbo uleule ili kukirefusha kile kipande kifupi cha ngoma ambacho wachezaji walikuwa wakikisubiri, na humo ndimo hip hop ilimochipukia. Miaka 10 baadaye Herbie Hancock, mpiga kinanda wa jazi ambaye hakuna atakayemwita mbabaishaji, alimweka DJ katika kurekodi kwake, na mkwaruzo wa santuri ukasikika kama ala nyingine yoyote. Kwa upande wetu, singeli ya Dar es Salaam, ambayo mara nyingi huvuka mapigo 200 kwa dakika, imejengwa na vijana wa kompyuta waliochukua vipande vya taarabu na kuvikimbiza hadi vikawa kitu kingine kabisa.

Wala sisi wa kanda hii tusijifanye wageni wa jambo hili. Katika sikukuu ya ngoma ya Wasukuma iitwayo Bulabo, pale Bujora, makundi mawili hasimu ya ngoma, Wagika na Wagalu, hucheza kwa wakati mmoja katika uwanja mmoja, na ushindi huenda kwa kundi lililovuta watazamaji wengi zaidi. Manju wa Kisukuma, yaani mtunzi na kiongozi wa ngoma, hujua lini watu wamechoka, lini awachangamshe, na DJ mzuri anacho kipaji hicho. Lakini hapa narudi kidogo upande wa kaka yako: manju hutunga. Kuushika umati peke yake hakutoshi, kwani hata mshereheshaji wa harusi anauweza.

Kuhusu jasho la wenzake, jambo hilo lina sheria. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inawalinda watunzi, waimbaji, wapigaji ala na watayarishaji wa rekodi, na muziki wao ukichezwa hadharani kibiashara unahitaji leseni. Mwanao akichanganya nyimbo za watu, ustadi ni wake. Nyimbo zinabaki kuwa zao. Akianza kutengeneza midundo yake mwenyewe, hata mjomba hatakuwa na la kubishia.

Basi msinunue mashine kwanza. Zipo programu za kuchanganyia nyimbo ambazo kijana anaweza kujifunzia kwenye kompyuta ya kawaida, na ndani ya miezi michache mtaona kama anachanganya au anabonyeza tu. Mkiridhika, mashine ndogo yenye visahani viwili inamtosha kuanzia, kwa kuwa spika kubwa hukodishwa. Na wakati huo, aende kwa mjomba wake akafundishwe kutambua ufunguo wa wimbo kwa gitaa. MaDJ wengi hawaujui, na mzee, hata kama hatoi fedha, sidhani kama atakataa kufundisha.