Mnaoanza kozi ya serikali ya Marekani, msimkariri rais, fuateni karatasi

Wadogo zangu mliofika Texas muhula huu, hasa mnaotoka nyumbani moja kwa moja, nawaandikia mapema kabla hamjaingia kwenye ile kozi ya serikali maana najua wengi mnaiona ya kujazia tu. Hapa ukisoma chuo cha umma lazima upate krediti 6 za masomo ya serikali, uwe unasomea unesi uwe unasomea uinjinia, hakuna kukwepa, na sura niliyoona inawaangusha wageni sio ya uchaguzi wala ya vyama, ni ile ya madaraka ya rais na urasimu. Mimi pepa ya kwanza nilipata 58 na maksi nyingi zilikatwa hapohapo.

Sio kwamba sikusoma, nilikesha. Shida nilikuja na kichwa cha nyumbani Tanzania. Nimekua nasikia kwenye taarifa ya habari saa mbili usiku, rais ametengua uteuzi wa fulani, na kesho asubuhi fulani hayupo ofisini. Kwa hiyo swali lilipouliza kwa nini amri ya rais inaweza isitekelezwe, nikajaza aya mbili kwamba inatekelezwa tu sababu yeye ndo mkuu wa nchi. Profesa akaandika pembeni kwa kalamu nyekundu neno moja: nani? Nilipomfuata ofisini akanieleza, nani anaitekeleza, kwa hela iliyopitishwa na nani, kwa sheria iliyotungwa na nani. Toka siku hiyo kila nikisoma habari ya rais wa Marekani naanza na hilo nani, na ndo ninachotaka mshike.

Anzeni na neno lenyewe. Kwetu ukisema urasimu mtu anaelewa njoo kesho, faili halionekani, mwenye muhuri katoka. Darasani hapa urasimu sio lawama, ni mashine yenyewe ya serikali, zile ofisi na watumishi wake. Wizara ziko 15, nje ya wizara kuna mashirika mengi tu, na watumishi wa kiraia ni kama milioni 2 hivi hujahesabu posta. Rais mpya anaingia na watu wake kama 4,000, na zaidi ya 1,000 katika hao lazima Seneti iwapitishe kwanza. Waliobaki ni watu wa ajira, rais anawakuta na anawaacha.

Zamani haikuwa hivyo. Karne ya 19 ukishinda uchaguzi unagawa kazi kwa waliokupigania, mpaka kazi za posta za mjini. Mwaka 1881 mtu mmoja anaitwa Charles Guiteau, aliyejiaminisha kwamba amesaidia ushindi wa James Garfield na anastahili kupelekwa ubalozi mdogo Paris, akakosa, tarehe 2 Julai akampiga rais risasi kwenye stesheni ya treni Washington. Garfield aliteseka mpaka Septemba akafariki. Januari 1883 ikasainiwa sheria ya Pendleton, kwamba baadhi ya kazi za serikali watu waingie kwa mtihani na wasifukuzwe kwa sababu za kisiasa. Mwanzo iligusa kama kazi moja katika kumi, baadaye ikapanuliwa. Ukiulizwa kwa nini mtumishi wa Marekani halindwi na chama bali analindwa na utaratibu, anzia kwenye ile stesheni.

Sasa jambo ambalo kwa mwanafunzi wa viza ni maisha yake kabisa. Kuna sheria na kuna kanuni, na sisi Watanzania hapa tuna faida sababu tunajua Bunge linatunga sheria halafu waziri anatunga kanuni chini yake na zinachapwa kwenye Gazeti la Serikali. Huku nako hivyohivyo, gazeti lao linaitwa Federal Register. Nilikuwa nafanya kazi maktaba ya chuo, kupanga vitabu na kukaa kaunta, na kila Ijumaa msimamizi wangu alikuwa anahesabu masaa yangu kwenye karatasi ya malipo kwa kidole, mstari kwa mstari, yakifika 20 ananiambia rudi nyumbani hata kama kuna foleni. Nikadhani ni sheria ya Congress, yaani Bunge lao lenye chemba mbili, Seneti na Baraza la Wawakilishi. Nikaenda kuitafuta, ndani ya sheria ya uhamiaji hakuna masaa 20 popote, yamo kwenye kanuni. Congress iliandika tu kwamba mwanafunzi anakuja kusoma, walioshuka mpaka kwenye hesabu ya masaa ni watu wa ofisi ambao hakuna aliyewapigia kura.

Na hao nao wana mipaka, someni kilichotokea kwa wanaosoma sayansi na teknolojia. Mwaka 2008 wizara ya Usalama wa Ndani iliongeza miezi 17 ya kufanya kazi baada ya kuhitimu, lakini ikaitoa kanuni bila kwanza kuitangaza na kusubiri maoni ya watu kama inavyotaka sheria ya utaratibu wa kiutawala ya 1946. Mwaka 2015 jaji mmoja wa Washington akaitupa kwa sababu hiyohiyo, ila akawapa muda. Wizara ikaanza upya, ikatangaza, ikapokea maoni, na 2016 ikatoka kanuni mpya ya miezi 24. Maelfu ya vijana walikuwa wanasubiri na roho mkononi, na kilichowaning'iniza sio rais kuwapenda au kuwachukia, ni hatua moja iliyorukwa.

Kesi ninayoipenda kuliko zote ni ya Jagdish Chadha, na nyie wa Kenya itawagusa zaidi. Kazaliwa Kenya kwenye familia yenye asili ya India, ana pasipoti ya Uingereza, akaja Marekani 1966 kwa viza ya mwanafunzi kama sisi. Viza ikaisha 1972 na hana pa kurudi. Mwaka 1974 jaji wa uhamiaji akamsikiliza na kumsimamishia kufukuzwa. Lakini sheria ya wakati huo ilikuwa inaruhusu chemba moja tu ya Congress kuutengua uamuzi kama huo, na Desemba 1975 Baraza la Wawakilishi likapitisha azimio dhidi ya watu sita katika orodha ya 340, bila mjadala, bila kura za kuhesabiwa majina, na Chadha yumo. Aligoma kukubali, kesi ikapanda mpaka Mahakama ya Juu, na Juni 1983 majaji 7 kwa 2 wakasema Congress ikitaka kubadilisha haki ya mtu ipite njia ya sheria, chemba zote mbili kisha mezani kwa rais. Siku hiyo vifungu kama 200 kwenye sheria nyingine vilivyojengwa kwa mtindo huo vikabaki vinayumba. Mwanafunzi aliyezaliwa Kenya! Nilisoma hukumu ile nimekaa kaunta ya maktaba, nikasahau kwamba ni asaimenti.

Tukirudi kwa rais mwenyewe, shikeni mwaka 1952. Vita vya Korea vinaendelea, wafanyakazi wa viwanda vya chuma wanataka kugoma, Harry Truman akamwagiza waziri wa biashara avichukue viwanda viendeshwe na serikali. Mahakama ya Juu ikakataa 6 kwa 3. Maoni ya Jaji Robert Jackson ndo ya kusoma mara tatu, anasema nguvu ya rais inakuwa kubwa akiwa ameruhusiwa na Congress, inakuwa ya mashaka Congress ikiwa kimya, na inashuka chini kabisa akienda kinyume nayo. Swali lolote la insha kuhusu amri ya rais mpime kwa hapo. Hata kufuta kitu kuna utaratibu, mwaka 2020 Mahakama ilizuia kwa kura 5 kwa 4 kuondolewa kwa DACA, ule mpango wa kutowafukuza nchini waliopelekwa Marekani wakiwa watoto bila vibali, haikusema serikali haina uwezo wa kuiondoa, ilisema haikutoa sababu za kutosha.

Kuhusu nani rais anaweza kumfukuza, angalieni sana madesa, yaani noti za zamani, mnayorithi. Yatawapa kesi ya Myers ya 1926, ya mkuu wa posta wa Portland aliyefukuzwa na rais, ambapo rais alishinda, halafu Humphrey ya 1935. Huyu Humphrey alikuwa kamishna wa tume ya biashara, Franklin Roosevelt akamuondoa 1933, mwaka uliofuata akafa, na msimamizi wa mirathi yake ndo aliyekwenda mahakamani kudai mshahara wa marehemu, akashinda, yaani kamishna kama huyo rais hakuwa huru kumtoa anavyotaka. Hizo mbili zijueni, ila Mahakama imekuwa ikiisogeza mipaka, 2020 ilisema mkurugenzi mmoja anayeongoza shirika la kulinda watumiaji wa huduma za fedha rais anaweza kumtoa, kwa hiyo muulizeni profesa muhula huu anafundisha kesi zipi. Na desa lolote la kabla ya Juni 2024 linalosema mahakama ziheshimu tafsiri ya shirika pale sheria isipoeleweka, yaani ile Chevron ya 1984, limepitwa, Mahakama ya Juu imeifuta. Kuna mdogo wangu mmoja aliandika Chevron ukurasa mzima kwa mwandiko mzuri, akapata sifuri kwenye swali hilo, iliniuma kama ni pepa yangu.

Wiki ya kwanza, kabla hata hujanunua kitabu, ingia kwenye tovuti ya Federal Register, ni bure, tafuta pendekezo moja la kanuni linalokuhusu, la viza, la mikopo ya wanafunzi, la mishahara, lolote. Soma juu pale inapotajwa sheria inayowapa mamlaka, kisha teremka kwenye tarehe ya mwisho ya kupokea maoni. Huhitaji kuwa raia kuandika. Mimi niliandika ukurasa mmoja na nusu kwa kingereza changu cha mwaka wa kwanza, na kanuni ilipotoka kamili nikafungua sehemu ambayo wizara inalazimika kujibu hoja za msingi zilizoletwa, hoja niliyoigusa ilikuwemo na jibu lake aya tatu.