Kuizunguka Hell's Gate kwa Baiskeli: Tuanzie Lango Lipi?

SWALI: Sisi ni marafiki wanne wa Mombasa, wanaume wawili na wanawake wawili, na kila Jumapili alfajiri huendesha baiskeli Nyali na Bamburi. Mwezi wa Agosti tungependa kufika Naivasha tuizunguke Mbuga ya Kitaifa ya Hell's Gate kwa siku moja, tuingilie lango moja na kutokea jingine, kwa kuwa hatupendi kurudi kwa njia tuliyoendea. Tumeambiwa kuwa sehemu moja ni vumbi na nyingine ni lami. Je, mzunguko huo unamfaa mtu wa nguvu za wastani? Tuanzie wapi, na je, tairi zetu za upana wa milimita 32 zitatosha? – Msomaji, Mombasa

JIBU: Unawafaa, ndugu msomaji, nami naushukuru uamuzi wenu wa kutorudi kwa njia ile ile, maana wageni wengi hufika kwenye korongo la Ol Njorowa lililo ndani ya mbuga, wakageuza, wakaondoka bila kuuona upande wa Olkaria, penye lango la pili na mitambo ya umeme wa mvuke. Mzunguko mzima, kuanzia njia panda ya Lango la Elsa kwenye barabara ya Moi South Lake hadi kurudi hapo hapo, unazidi kidogo kilomita 20. Umbali huo peke yake si kitu kwa watu waliozoea kuamka alfajiri, ila mkumbuke kuwa mnatoka usawa wa bahari na kwenda mahali palipo juu ya mita 1,800, hivyo kilima ambacho Nyali mngekipanda huku mkizungumza huenda kikawanyamazisha. Laleni Naivasha usiku mmoja kabla ya safari.

Kuhusu pa kuanzia, baadhi ya waendeshaji hupenda kuingilia Olkaria ili wateremke kuelekea korongoni. Mimi nashauri kinyume chake: ingieni kwa Lango la Elsa mapema, saa kumi na mbili au saa moja asubuhi, mmalize vumbi kabla jua halijakaza, kisha lami iwe ya mwisho mtakapokuwa mmechoka. Kutoka langoni hadi kwenye kituo cha askari wa wanyamapori karibu na korongo la Ol Njorowa ni kilomita kama nane, na barabara hupita kati ya kuta za miamba myekundu huku pundamilia, kongoni, ngiri na twiga wakila majani kando yenu. Sehemu hiyo ni tambarare yenye mteremko wa polepole, na ndiyo maana wanaogeuza korongoni hushangaa wakati wa kurudi wanapoona miguu imekuwa mizito ghafla.

Tairi za milimita 32 zitapita, lakini hazitawastarehesha. Ardhi ya pale ni majivu ya volkano yaliyosagika, na magari yameichimba barabara ikawa na mikunjo kama mgongo wa bati. Penye vumbi jingi, tairi nyembamba huzama na usukani huyumba. Kama fremu zenu zinaruhusu, wekeni tairi za milimita 40 au zaidi, kisha mpunguze upepo kidogo kuliko mnavyojaza kwa ajili ya lami. Adui mkubwa zaidi ni miiba ya migunga. Niliwahi kuketi chini ya Mnara wa Fischer, ile nguzo ya mwamba iliyo karibu na Lango la Elsa, nikibandika pancha ya pili kwa kiraka changu cha mwisho, huku pimbi watatu wakinitazama kutoka kwenye mwamba kama mafundi wasioridhika na kazi ya mwanagenzi. Niliziba tundu, nikajaza upepo, tairi ikalala tena, kwa sababu sikuwa nimepapasa ndani ya tairi kuutafuta mwiba wenyewe. Kila mmoja wenu abebe tyubu mbili, na pampu ziwe mbili kwa kundi zima.

Korongo hutembelewa kwa miguu pamoja na mwongozaji, na baiskeli hubaki kituoni. Hapa naomba msikilize kwa makini kuliko mahali pengine popote. Mvua inaweza kunyesha vilimani mbali, ninyi mkawa chini ya jua kali, na maji yakaja kwa ghafla katika mipasuko ambayo upana wake ni wa kunyoosha mikono tu. Watu walikufa humo kwa mafuriko ya namna hiyo mwezi wa Aprili 2012, na tena Septemba 2019. Kwa hiyo msiingie kama mawingu yamejikusanya upande wowote, hata kama Agosti si mwezi wa masika, na askari akisema korongo limefungwa, msibishane naye.

Baada ya korongo mtapanda kuelekea Olkaria, na hapo ndipo kazi ilipo. Mtaona mabomba makubwa ya mvuke yakikatiza vilima, mtasikia mvuke ukifoka, na pua zitapata harufu ya yai viza. Malori ya mitambo ya umeme hutumia barabara hiyo, hivyo endesheni kwa mstari mmoja, na vivyo hivyo mtakapotokea lango la Olkaria na kushuka hadi barabara ile ya Moi South Lake iliyo kando ya ziwa, ambako mabasi ya wafanyakazi wa mashamba ya maua huwa na haraka.

Mkikuta mbogo kando ya njia, simameni mbali, msubiri gari lipite, kisha mlifuate kwa ukaribu. Baiskeli haishindani na mbogo. Kiingilio hulipwa kwa eCitizen, mfumo wa serikali wa malipo mtandaoni, wala si kwa fedha taslimu, na ni vyema kumweleza askari wa Lango la Elsa kuwa mtatokea Olkaria.

SWALI: Sina baiskeli. Je, naweza kukodi huko huko? – Msomaji, Thika

JIBU: Naam, zinakodishwa kwenye njia panda na karibu na Lango la Elsa. Kabla ya kulipa, panda na uizungushe mara moja, ubane breki zote mbili kwa nguvu, upitishe cheni kwenye gia zote, na ukatae iliyo na tairi vipara hata ukipunguziwa bei. Omba pampu na viraka, kwa sababu mwenye baiskeli hatakufuata hadi Olkaria.