Mtoro mmoja au mwalo mzima?

SWALI: Shikamoo. Nasomea ustawi wa jamii, sasa niko kwenye mafunzo kwa vitendo katika kata moja kando ya Ziwa Victoria. Nina faili la mvulana wa miaka 12, mtoro sugu. Nimemshauri, nimeongea na mama yake, anaitikia kila kitu lakini hakuna kinachobadilika. Sosholojia tuliyosomeshwa inanisaidiaje hapa?

JIBU: Marahaba. Inakusaidia kabla hujaandika "uzembe wa mzazi" kwenye hilo faili. Mwaka 1959 mwanasosholojia wa Marekani, C. Wright Mills, alitenganisha shida ya mtu binafsi na suala la jamii. Kazi yako ya kwanza ni kujua unashughulika na lipi.

Omba rejista ya mahudhurio ya darasa zima, uisome sambamba na mwandamo wa mwezi. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Mbalamwezi ikikolea, mitumbwi hupumzika. Ukiona wavulana wengi wanapotea pamoja siku za giza na kurudi pamoja mbalamwezi, basi huna mtoro mmoja. Una mwalo, yaani mahali mitumbwi inaposhusha samaki, unaotegemea watoto kupakua na kuanika dagaa asubuhi, saa zilezile za vipindi.

Hapo maswali yako yanabadilika. Mtoto analipwa fedha au dagaa? Nani mwenye mtumbwi? Nyumbani nani anaamua? Huenda ni mjomba, nawe unamshauri mama asiye na sauti juu ya kipato hicho. Kuitikia kwake bila kutekeleza usikuite ukaidi.

Kwa hiyo keti na uongozi wa BMU (kikundi cha wavuvi kinachosimamia mwalo), mwenyekiti wa kijiji na mwalimu mkuu. Sheria ya Mtoto ya Tanzania ya 2009 inaruhusu kazi nyepesi kuanzia miaka 14 na inakataza kumfanyisha mtoto kazi usiku. Wabane wenye mitumbwi wote kwa pamoja, maana akibanwa mmoja ataona jirani anamzidi, na atarudi kulekule. Kaya ikiwa hohehahe, ulizia kama imo TASAF, mfuko wa serikali unaosaidia kaya maskini.

Ushauri wa mtu mmoja mmoja usiutupe. Rejista hiyohiyo itakuonyesha mtoto ambaye hata mbalamwezi haji. Huyo hazuiwi na dagaa. Keti naye faragha, umsikilize pole pole, kwa sababu kinachomzuia kinaweza kuwa ndani ya nyumba yao.